Usihame kozi ya hesabu kwanza

Mdogo wangu, unasema sekondari ulikuwa unapata A za hesabu, sasa uko mwaka wa kwanza wa shahada na uthibitisho unakutoa jasho hadi unafikiria kuhama kozi. Subiri kwanza. Akili yako ni ile ile, kazi ndiyo imebadilika. Zamani uliulizwa jibu ni ngapi, sasa unaulizwa kwa nini lazima iwe hivyo.

Chukua hili: n ni namba nzima. n² ikiwa shufwa, yaani inagawanyika kwa mbili bila baki, thibitisha kwamba n nayo ni shufwa. Ukianzia kwenye n² utakwama. Ligeuze. Tuseme n ni witiri, yaani n = 2k + 1, k ikiwa namba nzima. Izidishe yenyewe upate 4k² + 4k + 1, ambayo ni witiri. Basi n² ikiwa shufwa, n haiwezi kuwa witiri. Imekwisha. Sasa funika karatasi uandike upya bila kuchungulia. Pale utakaposita ndipo hujaelewa.

Fasili zishike neno kwa neno, hasa ile ya kikomo (limit, yaani thamani ambayo namba zinaikaribia), maana "kwa kila" na "kuna" zikipishana nafasi unakuwa umesema jambo jingine kabisa. Mimi nilipoteza muhula mzima nikisoma majibu ya wenzangu na kutikisa kichwa, nikidhani nimejua. Hangaika na swali mwenyewe, hata kwa muda wa saa mbili. Ukishindwa kabisa, mfuate mhadhiri na karatasi yako ilivyo, na makosa yake yote, umwonyeshe mstari uliokukwamisha.