Usimpe kijana wa saiba kitambulisho akujazie SHA

Dada acha. Hayo mambo ya kumwachia kijana wa saiba, pale duka la kompyuta, kitambulisho na soo mbili (shilingi mia mbili) akusajili SHA, hii bima ya afya ya serikali, halafu upitie jioni ukute kila kitu tayari, acha kabisa. Umesema wauza viazi karai hapo Mtwapa, bwanako ni wa boda, mwataka SHA iwe imeshika kabla mtoto hajazaliwa, na ukauliza kama mamako anaweza kuingia kwa jina lako. Nakuja huko, lakini hili la saiba kwanza kwa sababu mimi limeniumiza na sipendi nione mtu mwingine akipita njia hiyo hiyo.

Kujisajili ni bure. Wapiga *147# hata kwa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, wafuata maagizo, basi. Hiyo soo mbili ni yake mfukoni, serikali haijui habari yake. Lakini hata pesa si shida, shida ni yale maswali.

Mwenye mshahara anakatwa 2.75% kwa payslipu, mchezo umeisha. Sisi wa jua kali hakuna anayejua twaingiza ngapi, kwa hivyo twaulizwa maisha yetu: ukuta wa nyumba ni wa nini, paa la nini, sakafu, choo ni cha aina gani, maji mwachota wapi, mwapikia kuni ama gesi, stima ipo, watu wangapi mwalala hapo, mna mifugo. Kompyuta inachukua hayo majibu inakisia nyumba yako yaingiza pesa ngapi, halafu ndio inapiga hiyo 2.75% na kukuletea hesabu ya mwaka mzima. Chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na ni ya mwaka mzima mkupuo mmoja, sio kama NHIF, ile bima ya zamani, tuliyokuwa twalipa 500 kila mwezi hadi ilipofungwa Oktoba 2024. Sasa fikiria anayejibu hayo maswali ni mtu ambaye hajawahi kufika kwako na ana foleni ya watu kumi nyuma yako.

Mimi ni fundi baiskeli, mke wangu anapika mahamri na mbaazi. Nyumba yetu ni ya udongo, juu makuti, choo cha shimo, maji twanunua kwa mitungi. Yule kijana alinihakikishia eti maswali ni formaliti tu, yeye anajua ya kujaza, niende zangu kazini. Akajaza ukuta wa mawe, sakafu ya tailsi, choo cha ndani, gesi. Nilikuja kuambiwa baadaye kuwa anajazia kila mtu hivyo hivyo, majibu yale yale kutoka mteja wa kwanza wa asubuhi mpaka wa mwisho, ili asipoteze muda! Hesabu ikaja elfu kumi na kitu kwa mwaka. Namuuliza ananiambia ndio serikali hiyo kaka, kila mtu analia. Nikaamini kuwa ndio bei. Mke wangu aliposikia kuhusu tailsi alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza hiyo nyumba iko wapi tuhamie leo.

Lakini kicheko hakikudumu. Elfu kumi na kitu kwa mkupuo hatukuwa nayo, tukasema tutachanga pole pole, na kabla hatujafika mwanetu akaanguka kutoka kwa mwembe akavunjika mguu. Dispensari na kituo cha afya ni bure ukishajisajili hata kama hujalipa, hiyo ni kweli na watu wengi hawajui, lakini mguu uliovunjika walitutuma leveli 4, yaani hospitali kubwa zaidi, na huko mchango usipokuwa umelipwa ni mfuko wako. Mbuzi wawili wakaenda, pesa ya chama ya mke wangu ikaenda, na deni juu. Kama ingekuwa 3,600 tangu mwanzo tungekuwa tumelipa zamani sana, hiyo twaweza kuipata hata kwa kukopa kwa shemeji. Na yule kijana hajui hata kwamba alitufanyia hivyo, yuko pale pale anajazia watu na bango nje SHA HAPA.

Ah na kingine, aliandika namba yake ya simu badala ya yangu, ile OTP, namba ya siri inayotumwa kwa simu kuthibitisha ni wewe, ikawa inaenda kwake. Tuko dispensari na mtoto, nampigia anisomee hiyo namba, simu imezimwa.

Aliyeniokoa ni CHP wa kijiji chetu, yaani mhudumu wa afya wa jamii. Yule mama anajua nyumba yangu, amekunywa chai hapo. Nilipoomba niulizwe maswali upya alikuja na simu yake tukaenda swali moja moja, mimi mwenyewe najibu naye anaona kwa macho, ikatoka 3,600. Kwa hivyo kama kusoma kwa simu kwakutatiza mtafute CHP wa mtaa wenu, aje kwako, nawe ukae hapo mpaka mwisho, usiondoke hata kama viazi vinaungua.

Na huyo mwingine aliyekujibu swali lako eti sema huna kitu kabisa serikali itakulipia, usimsikize. Wanaolipiwa na serikali wanatafutwa kwa majibu hayo hayo, sasa wewe uko kwa chumba cha kupanga cha mawe chenye stima halafu uandike makuti? Jaza ulivyo. Chumba ni kimoja andika kimoja, choo mwatumia na majirani andika hivyo, usipandishe kwa aibu wala usishushe kwa ujanja.

Mamako hawezi kuingia kwako, kila mtu mzima ajisajili mwenyewe, wanaoingia ni bwanako na watoto. Mamako mfanyie kwa simu yake, kwa laini iliyo kwa jina lake, na ukae naye kwa yale maswali.

Ikiwa hesabu ikija bado ni nzito kwa mkupuo kuna Lipa SHA Pole Pole humo humo kwa *147#. Lakini kama kitambulisho umeshakiacha kwa yule kijana, funga hiyo karai uende ukakichukue sasa hivi, na umuulize ameandika namba ya nani.