Je, kibadilisha joto huzuia kelele za barabarani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina chumba kidogo cha kurekodia sauti hapa Tabora mjini, chenye kiyoyozi, na kwa kuwa madirisha hufungwa muda wote wa kazi, ninakusudia kufunga ukutani kifaa cha kupitisha hewa chenye kibadilisha joto, yaani sehemu inayohamisha joto kati ya hewa inayotoka na inayoingia. Muuzaji ananihakikishia kwamba kibadilisha joto chenyewe huzuia kelele za bodaboda. Je, ni kweli, na wahandisi hulikokotoaje jambo hilo?

JIBU: Kuna ukweli, ila muuzaji ameukuza. Ndani ya kibadilisha joto mna mabamba yaliyoachiana nafasi ya milimita chache, na hewa inayotoka na inayoingia hupishana katika vijia vilivyo kati yake. Sauti ikipita humo hupoteza nguvu kwa njia mbili: hewa husuguana na mabamba, na joto dogo linalozalishwa kila wimbi linapoibana hewa hunyonywa na mabamba hayo hayo. Hata hivyo, kwa sauti nzito ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), tabaka la hewa linaloathiriwa na msuguano lina unene wa milimita 0.2 hivi tu. Vijia vikiwa na upana wa milimita 2 na urefu wa sentimita 30, upotevu huo haufiki desibeli 1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa hezi 1,000 huzidi desibeli 1 kidogo. Mngurumo wa pikipiki, basi, utapita.

Kuchora kila kijia kwenye kompyuta hadi kulifikia tabaka jembamba namna hiyo ni kazi kubwa mno. Kwa hiyo wahandisi, wakitumia hesabu za mirija myembamba ambazo mwanafizikia Mjerumani Gustav Kirchhoff alizitoa mwaka 1868, hulichukulia bunda zima la mabamba kuwa hewa ya aina nyingine, ambayo densiti yake (uzito wake kwa ujazo) na ugumu wake wa kubanwa hubadilika kulingana na frikwensi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, na ambayo hairuhusu sauti kukatisha kutoka kijia hadi kijia. Matokeo hulinganishwa na vipimo vya bomba lenye spika upande mmoja na maikrofoni mbili mbele na mbili nyuma ya kipande kinachopimwa.

Mwombe muuzaji takwimu za kila frikwensi, hasa hezi 125 na 250, kwani namba moja ya jumla huficha udhaifu huo. Kwa kurekodi, mimi ningeihofia zaidi feni, ambayo kelele yake huingia chumbani moja kwa moja: ukipunguza mwendo wake kwa nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, hivyo chagua kifaa kikubwa kinachokwenda polepole.