Jiko la peleti kukwama kwenye nyuzi 150

Mkuu, umesema jiko lako la peleti za mbao (vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) linawaka vizuri, ila ukiliweka nyuzijoto 230 linagomea 150. Kabla hujanunua kipuri chochote, kagua peleti zenyewe. Ivunje moja kwa vidole: iliyo kavu inakatika "tak!", iliyonyonya unyevu inamomonyoka kama udongo. Hiyo itakupa moshi na majivu tu, na unga wake huziba parafujo inayosukuma peleti kwenye moto. Wengi tunanaswa hapo. Mimi nilibadilisha feni bure, kumbe mfuko wa peleti ulikaa wazi wiki nzima.

Kama ni kavu, zima, acha jiko lipoe kabisa, chomoa umeme, kisha toa majivu kwenye kikombe cha moto, pale peleti zinapowakia. Vitundu vyake vikiziba, hewa haipiti na moto unadhoofu. Futa na masizi kwenye sensa ya joto, halafu ulinganishe na kipimajoto kingine. Huenda jiko lina moto wa kutosha ila linasoma uongo.

Tazama pia tangi la peleti. Wakati mwingine peleti huacha shimo katikati, juu tu ya parafujo, nawe ukadhani zimejaa. Na huo mfuniko wa jiko usiufungue kila dakika!