Miwani ya uhalisia pepe katika mafunzo ya kuwahudumia wazee

Ninawafundisha wauguzi hapa Moshi namna ya kuwahudumia wazee, na baada ya kutumia miwani ya uhalisia pepe, yaani kifaa kinachofunika macho na kumwonyesha mtu mazingira ya kuigiza kana kwamba yumo ndani yake, ninashauri kwamba itumike kumfanya mwanafunzi aone kama anavyoona mgonjwa, kisha stadi zenyewe zifundishwe kando ya kitanda.

Mfano mzuri wa kuanzia ni programu ya kampuni ya Embodied Labs ya Marekani, ambamo mtazamaji huwa Alfred, mzee wa miaka 74 mwenye usikivu hafifu na ugonjwa unaoharibu sehemu ya katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Doa jeusi hukaa palepale anapoelekeza macho, hivyo akimtazama daktari usoni, uso hutoweka na mabega hubaki. Nimewaona wauguzi wakigeuza shingo ili waone kwa pembeni, jambo lilelile ambalo wodini hulichukulia kuwa ni dharau au kutokusikiliza.

Mwanafunzi aketi kwenye kiti kisicho na magurudumu, kwa dakika chache tu, kwa kuwa macho yanapoona mwendo ambao mwili hauuhisi, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata. Programu ipakuliwe mapema. Mara avuapo miwani, aende kwa mzee halisi: atoe shikamoo, ajitambulishe kwa jina, aketi mwanga ukimwangukia usoni, na azungumze taratibu kwa sauti nzito kiasi, kwa sababu uzee huanza kuondoa usikivu wa sauti nyembamba, na kupiga kelele hakusaidii. Ninasisitiza hatua hii kuliko zote. Bila hiyo mwanafunzi huondoka na huruma isiyojua la kufanya.

Kumgeuza mgonjwa kitandani, kumlisha na kumwogesha kufundishwe kwa mikono.

Tunahitaji pia filamu zetu wenyewe za kutazamwa kwa miwani hiyo. Utafiti wa vijijini wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia, yaani ugonjwa unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na wengi wa wazee hao hutunzwa nyumbani na mkwe au mjukuu. Ningeanza na tukio la nyumbani, likiigizwa na watu waliokubali wala si wagonjwa, ambapo kila anayeingia humsemesha mtazamaji kwa lugha asiyoielewa huku akimvuta mkono. Muuguzi mgeni ambaye hajui Kichagga, anayemhudumia bibi ambaye demensia imembakizia Kichagga pekee, atafahamu kwa nini bibi huyo humsukuma.