Daraja la Treni Lililomfaa Mama Yangu

Swali la wiki hii linawataka wasomaji wataje jengo la zamani lililopewa kazi mpya, ambalo wangemshauri mtu alitembelee, na waeleze sababu. Jibu langu ni daraja la reli lililo juu ya Mto Hudson, kati ya Poughkeepsie na Highland katika jimbo la New York, Marekani, ambalo leo ni njia ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Nililivuka nikimsukuma mama yangu kwenye kiti cha magurudumu, na kiti hicho ndicho kilichonifanya nilichague.

Treni haiwezi milima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hubingirika kwa wepesi, lakini hushika kidogo mno, hata mwinuko wa mita 2 au 3 katika kila mita 100, ambao dereva wa gari huenda asiutambue, huilemea treni ya mizigo. Ndiyo maana wajenzi wa reli walikata vilima, wakajaza mabonde, na walipofika penye mto wenye kingo zilizoinuka juu wakainua daraja hadi usawa wa njia badala ya kuishusha njia hadi majini. Udhaifu huo wa treni umekuwa nafuu kubwa kwa mtu asiyeweza kupanda. Mama, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akisubiri chini wakati sisi tunapanda kutazama mandhari, safari hii alikuwa mita 65 hivi juu ya maji, na mikono yangu haikuwa imechoka.

Daraja hili lilifunguliwa mwaka 1889, na lina urefu wa zaidi ya kilomita 2. Tarehe 8 Mei 1974 moto uliteketeza sehemu ya mataruma yake ya mbao, treni zikakoma kupita, na likabaki limesimama bila kazi kwa miaka 35, hadi lilipofunguliwa upya tarehe 3 Oktoba 2009. Chuma kilikaguliwa na kukarabatiwa, kisha juu yake vikapangwa vipande vipana vya zege kuwa sakafu, pamoja na vizuizi pembeni. Nafurahi kwamba hawakujaribu kulipamba kupita kiasi, kwa sababu ukichungulia chini bado unaiona kazi ya wale walioliunda kwa ajili ya mzigo mzito kuliko sisi sote.

Tulipofika katikati tulisimama muda mrefu, jambo ambalo abiria wa treni asingeweza kulifanya. Mto Hudson hupokea maji ya bahari yanapojaa, hata huku mbali na pwani, na kwa saa kadhaa mkondo wake hugeuka. Mama ndiye aliyeona gogo likielea kuelekea kaskazini, mto unakotoka, akadhani macho yanamdanganya. Tukalifuata kwa macho mpaka likapotea. Chini yetu, kandokando ya ukingo wa mashariki, treni ya abiria ikapita. Ilinigusa sana kuitazama kutoka mahali ambapo treni nyingine zilipita zamani, huku mtoto mwenye baiskeli ndogo akitupita taratibu.

Anayetaka kwenda ajue kwamba hakuna kivuli kabisa na upepo wa katikati ni mkali kuliko wa nchi kavu, kwa hiyo kofia ifungwe vizuri na mgonjwa afunikwe miguu hata kama kumepambazuka na joto. Upande wa Poughkeepsie kuna lifti inayopanda kutoka karibu na mto, lakini ni vyema kuhakikisha kwanza kama inafanya kazi siku hiyo. Anayeanzia kwenye lango la juu haihitaji. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 4, na mwenye kumsukuma mzee asione haya kugeukia katikati. Waendesha baiskeli nawaomba wapunguze mwendo na wapige kengele mapema wanapokuja kwa nyuma, kwa maana mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu hawezi kugeuka haraka, na mama alishtuka mara mbili.

Sisi hatukugeukia katikati. Mama alisema anataka kufika Highland, tukafika.