Ukienda Amani, tafuta visiki

Watu wakiniomba ushauri wa kutembelea Amani, msitu wa milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, wengi huniuliza upande gani wa msitu haujaguswa. Huwaambia wasijisumbue kuutafuta. Usambara Mashariki imekatwa miti tangu enzi za Wajerumani. Reli ndogo ya kutoka Tengeni hadi Sigi ilijengwa ili kuteremsha magogo, na pale Sigi, ambayo leo huitwa Zigi, wageni hupokelewa kwenye nyumba ya stesheni ya zamani. Ukilipa kiingilio tu, umeshaingia kwenye habari za mbao. Kwangu mimi, msitu huu hunoga zaidi ukijua ulivyokatwa.

Anzia njiani. Ukitokea Muheza utapita shamba la mitiki la Longuza. Mwombe dereva asimame, kama gari ni la kukodi (wa basi hatakuelewa), uingie hatua chache. Miti imepangwa mistari, majani makavu yanavunjika chini ya viatu, ndege ni wa kubahatisha. Siisemi vibaya mitiki, inatupa mbao bila kugusa msitu wa juu. Ila sikio likishaonja ukimya ule, ukifika Zigi utajua hasa unachosikia.

Kuhusu mwongoza wageni, ulizia kama yuko mzee aliyewahi kupasua mbao. Vijana wanawajua ndege na vinyonga mpaka majina ya kisayansi, nami nawavulia kofia. Lakini mpasua mbao anaukumbuka mti uliokuwa umesimama pale ambapo leo pana uwazi. Mmoja alinisimamisha kando ya shimo refu lililofunikwa na majani, ambalo ningelipita nikidhani ni mfereji wa mvua. Kumbe ni shimo la kupasulia: gogo linalazwa juu, mtu mmoja anapanda juu yake, mwenzake anaingia shimoni, msumeno unakwenda kati yao. "Hapa ulilala mtambaa, mwanangu," akasema. "Mti laini ule, msumeno haukulalamika."

Mtambaa, Cephalosphaera usambarensis kwa wanabotania, ulitafutwa pia na kiwanda cha mbao cha Tanga miaka ya 1970 na 1980, matrekta yalipopanda milimani kwa msaada wa Finland. Wanasayansi walipiga kelele, ukataji ule ukasitishwa, na Finland hiyo hiyo ikaja kufadhili uhifadhi. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia. Mfadhili mmoja, kazi mbili, tuyaache hayo.

Sasa inua macho. Ukiona shina lililonyooka, jeupejeupe, na mengine ya aina hiyo hiyo yamejazana mahali pamoja, huenda ni Maesopsis eminii, mti ambao Uganda huitwa musizi. Uliletwa huku kupandwa, nao hupenda jua, kwa hiyo kila palipoangushwa mti mkubwa ulipata nafasi. Anayesambaza mbegu zake ni hondohondo, ndege yule yule ambaye wageni humpiga picha kwa furaha. Msitu unaweza kuwa kijani kibichi na bado ukawa umebadilika kabisa.

Kisha tazama chini, na hapa usiwe na haraka. Yako maeneo yaliyolimwa iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa. Kwa mbali utaapa ni msitu. Lakini mkulima wa iliki hufyeka miche, kwa hiyo vigogo vipo na watoto hakuna. Vikianguka, havina mrithi. Tangu nionyeshwe hilo, kila msitu ninaoingia natafuta kwanza miche, hata vile vijisitu vya makaburini kwetu. Kaa hata robo saa mahali pamoja. Kwenye miamba yenye unyevu kando ya vijito unaweza kuliona ua dogo la Saintpaulia, linalopambia madirisha Ulaya tangu Mjerumani mmoja wa Tanga alipopeleka mbegu kwao mwishoni mwa karne ya 19. Kivuli kikiondoka, ua hilo nalo kwaheri.

Vijito hivyo huingia mto Zigi, Zigi huingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo bomba la jiji la Tanga. Kwa hiyo rafiki zangu wa Tanga wanaosema hawana habari na misitu, maji ya chai yao yametoka huko.

Ukirudi mjini na unajenga au unaagiza kitanda, usimwache fundi akuchagulie mbao peke yake. Fuatana naye. Kama ni mvule au mninga, ulizia hati ya kusafirishia mazao ya misitu na uangalie alama ya nyundo iliyogongwa kwenye mbao. Muuzaji akikuambia karatasi ziko kwa bosi na bosi amesafiri, mshukuru, vuka barabara ukanunue paina.