Dirisha la Dawa: Robo ya kidonge, asubuhi, mchana na usiku

SWALI: Shikamoo shangazi. Binti yangu ana miaka minne na kilo 16. Alizaliwa na ugonjwa wa tezi za juu ya figo, ule ambao mwili unakosa kimeng'enya cha kutengeneza homoni. Anameza haidrokotisoni, robo ya kidonge cha miligramu 10, asubuhi, mchana na usiku, na fludrokotisoni kidonge kimoja asubuhi. Mama mkwe anasema hizo ni stiroidi, zitamla mifupa na kumvimbisha uso, kwa hiyo nimpe leo, kesho nipumzishe. Mwezi uliopita alishikwa na malaria, akawa anatapika. Niliogopa kuchanganya dawa, nikampa mseto peke yake, haidrokotisoni nikaiweka kando mpaka apone. Siku ya pili alilegea hata kichwa hakisimami, tukamkimbiza hospitali akatundikiwa dripu. Je, nilikosea? Halafu vidonge vikiisha dukani wananipa predinisoloni ya maji, wanasema ni ileile. Na hivi vidonge nikivikata vinasagika, sijui hata nampa kiasi gani. Mwisho, shangazi, kabla yake nilizaa mtoto wa kiume. Alifariki akiwa na siku 17, alikuwa anatapika tu. Watu walisema ni jicho. Siku hizi najiuliza.
Mama wa binti, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa yote, na pole zaidi kwa hilo la mwisho. Nitalifikia.

Naanza na malaria. Ndiyo, ulikosea, na ninakuambia bila kuzunguka kwa sababu homa itarudi. Muheza mbu hawajahama. Lakini kosa lako ni la mtu aliyepewa dawa bila kupewa maelezo, na hilo si lako peke yako.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo imekaa kama kofia. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia sukari ya damu na msukumo wa damu visianguke. Wewe ukiugua malaria, tezi zako zinamwaga kotisoli kuliko siku zote, ndiyo maana unatetemeka, unalalamika, lakini unasimama. Tezi za binti yako haziwezi. Kotisoli aliyonayo ni ile inayotoka mkononi mwako, yaani haidrokotisoni. Siku anayougua ndiyo siku anayoihitaji zaidi, na siku hiyo wewe uliifunga kwenye kabati.

Kwa hiyo akiugua, haidrokotisoni haiachwi, inaongezwa. Utaratibu unaotumiwa na madaktari wengi ni kwamba homa ikipita nyuzi 38.5, au akianza kuharisha na kukaukiwa maji, kila dozi ya haidrokotisoni inakuwa mara mbili au mara tatu. Kwa mtoto wako ina maana pale anapomeza robo, atameza nusu au robo tatu, mpaka homa ikate, kisha anarudi kwenye robo yake. Fludrokotisoni, ile inayouzuia mwili kupoteza chumvi, inabaki kilekile kidonge kimoja. Mseto anaendelea nao kama kawaida, haugombani na haidrokotisoni. Mwombe daktari wake akuandikie kiasi hicho kwenye karatasi, kwa mkono wake, ukibandike ukutani jikoni. Usiku wa manane mtoto anawaka moto hakuna anayekumbuka hesabu. Mafua madogo yasiyo na homa, kulia, au kuchoka kwa kucheza, hayo hayahitaji nyongeza.

Sasa kutapika, ambako ndiko hatari ilipo. Akitapika kidonge ndani ya saa moja, mpe kingine. Akikitapika na hicho, usijaribu cha tatu. Kinachohitajika hapo ni sindano ya haidrokotisoni ya msulini, na kwa umri wake huwa miligramu 50, yaani nusu ya kile kichupa cha unga cha miligramu 100 ambacho hospitali nyingi hukitumia kwa wagonjwa wa pumu. Muulize daktari kama unaweza kupewa kichupa ukae nacho nyumbani na ufundishwe kuchoma. Wako akina mama wanaochoma wenyewe, tena vizuri kuliko wauguzi wageni. Ukishachoma, nenda hospitali vilevile, sindano haikuondolei safari. Na kama huna, nenda hivyohivyo, njiani umpe maji yenye sukari akiweza kumeza. Ukifika usianze kwa kusema "mtoto ana homa", maana mtapangwa foleni pamoja na homa zote. Sema: "Mtoto huyu mwili wake hautengenezi kotisoli, anahitaji haidrokotisoni ya sindano sasa hivi." Kulegea, mikono baridi, usingizi usioamshika, degedege: ukiona mojawapo usisubiri hata kumtafuta baba yake.

La predinisoloni linanigusa, nami sina budi kukiri jambo. Miaka yangu ya mwanzo dirishani alikuja baba mmoja na cheti cha haidrokotisoni ya mtoto wake. Hatukuwa nayo. Nikamwambia, kwa kujiamini kwa mtu aliyetoka chuoni juzi, achukue predinisoloni kwani ni ndugu moja. Yule baba akatoa mfukoni karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa, akanisomea: predinisoloni miligramu 5 ina nguvu ya haidrokotisoni miligramu 20, tena inakaa mwilini muda mrefu na kuudumaza urefu wa mtoto. Halafu akaniuliza, "Sasa wewe ulitaka kunipimia kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Ni udugu kweli, lakini mmoja ni mrefu mara nne ya mwenzake. Kijiko cha ile ya maji walichokupimia kwa macho kinaweza kuwa dozi ya mtu mzima. Mtoto anayekua hupewa haidrokotisoni. Ikitokea imekosekana kabisa, usimwache mikono mitupu hata siku moja; mpigie daktari akupe hesabu ya kubadilisha, hesabu hiyo isitoke kwa muuza duka, hata kama muuza duka ni mimi. Lililo bora zaidi, nunua boksi linalofuata ukiwa bado na vidonge vya wiki tatu. Dawa zako zote mbili zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu za watoto, kwa hiyo mwenye duka asikuangalie kama unaomba almasi. Mwagizie.

Kukata. Usitumie kisu cha jikoni. Kuna kikatio kidogo cha plastiki chenye wembe ndani, famasi kubwa wanacho. Kikikosekana, wembe mpya juu ya sahani kavu. Kata nusu kwanza, kisha kila nusu kata tena. Vipande vinne vya kidonge kimoja vitumike vyote kwa zamu kabla hujafungua kingine, ili kipande kikiwa kikubwa kidogo leo, kidogo chake kitakuja kesho, na kwa siku mbili tatu hesabu inakaa sawa. Kikisagika, usiutupe unga: ukusanye wote kwenye kijiko, tia matone ya maziwa au uji, mpe palepale, halafu mpe maji asukumie. Usiukoroge kwenye kikombe kizima. Haidrokotisoni haiyeyuki vizuri kwenye maji, inazama, na mtoto akinywa nusu ya kikombe huwezi kujua kama amekunywa dawa au amekunywa maji. Kwa sababu hiyohiyo usisage vya wiki nzima ukatia kwenye chupa. Ni chungu, najua, atatema mate kidogo. Vidonge vikae pakavu mbali na jiko, na boksi la fludrokotisoni lisome vizuri, kwani za baadhi ya viwanda zinataka friji.

Sasa mama mkwe. Usigombane naye, ana sehemu ya ukweli. Stiroidi nyingi kwa muda mrefu kweli zinavimbisha uso na kudhoofisha mifupa, pengine amemwona jirani aliyezitumia kwa pumu au baridi yabisi. Yule jirani alikuwa na kotisoli yake tele, akaongezewa nyingine. Ni mtungi uliojaa unaomwagiwa maji. Mtungi wa mjukuu wake ni mkavu, na ile robo ndiyo inayoutia maji ya siku hiyo tu. Kumpa leo na kumpumzisha kesho ni sawa na kumwambia asipumue Jumanne. Mwambie hivyo, kwa heshima.

Ila dozi inaweza kupitiliza, na inaweza kupungua, hivyo mnunulie daftari. Kila miezi mitatu mpime urefu na uzito. Kilo zinapanda, urefu umesimama, uso unajaa: huenda dawa ni nyingi. Anarefuka ghafla kuwapita wenzake, ngozi na fizi zinakuwa nyeusi zaidi, au vinyweleo vya utu uzima vinaanza kuota kwa mtoto wa miaka minne: huenda ni kidogo, na tezi zimeanza kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Usishangilie urefu huo, mifupa hufunga mapema na akabaki mfupi ukubwani. Daktari atapima damu na kupiga picha ya mkono wa kushoto kuona umri wa mifupa. Akikua, robo haitamtosha tena, na hiyo si dalili kwamba ugonjwa umezidi.

Siku moja akianzishiwa dawa za TB, mweleze daktari wa TB kabla hajameza cha kwanza. Rifampisini humaliza haidrokotisoni mwilini haraka, dozi lazima ipangwe upya. Dawa kadhaa za kifafa nazo ni hivyohivyo.

Kuhusu kaka yake. Siwezi kukaa hapa Tanga nikakuambia kilichomwondoa mtoto ambaye hakupimwa. Ninachojua ni kwamba ugonjwa huu unarithiwa kwa baba na mama wote wawili, kila mmoja akiwa mzima wa afya na amebeba nusu ya kasoro bila kujua, na katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuupata. Wasichana mara nyingi hutambuliwa siku ya kuzaliwa, kwa vile maumbile yao ya siri yanaleta utata. Wavulana wanazaliwa wakionekana kamili. Wanarudishwa nyumbani, na kati ya wiki ya kwanza na ya tatu wanaanza kutapika, kupungua uzito, kukaukiwa, kwa sababu chumvi yote inatoka na mkojo. Wengi huitwa wagonjwa wa tumbo. Siku 17 zako zimo humo, na nadhani wewe umeshalihisi hilo kabla hujaniandikia. Hakuna jicho la mtu hapo, wala ziwa lako halikuwa na ubaya. Ukibeba mimba tena, sema kliniki mapema, na mtoto akizaliwa apimwe homoni na chumvi za damu ndani ya wiki ya kwanza, awe wa kike au wa kiume.

SWALI: Salaam aleikum bi mkubwa. Mimi ni kijana wa miaka 22, nina ugonjwa huohuo tangu utotoni. Ramadhani nilihamisha dozi zangu zote, moja futari na moja daku. Alasiri nikawa naona giza. Niendelee?
Kijana, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Usiendelee hivyo. Haidrokotisoni inaisha mwilini baada ya saa chache tu, na wewe ulikuwa unakaa saa 13 bila kitu, juani. Kamwone daktari wako miezi miwili kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa kuamkia. Watu wazima, tofauti na yule binti wa Muheza, wengine hubadilishiwa dawa inayodumu zaidi wanayoimeza wakati wa daku, na wengine huambiwa wasifunge. Ukiambiwa usifunge, wewe ni mgonjwa na mgonjwa ana ruhusa yake. Chukua barua ya daktari uende nayo kwa sheikh wako. Ukiruhusiwa kufunga, siku utakayoona lile giza tena fungua palepale, meza dozi yako na maji yenye chumvi kidogo na sukari, na uwe na mtu karibu anayejua sindano yako iko wapi.